Fahamu: Tumbo kujaa gesi baada ya sikukuu, ufanye nini?

Krismasi na Mwaka Mpya jijini Mwanza huja na pilau, sato wa kukaanga, ugali na soda baridi. Siku inayofuata, wengi hulalamika tumbo kujaa na choo kuwa kigumu.

Kwa nini hutokea?
Kwa kawaida chakula hukaa tumboni saa 2 hadi 4. Mafuta mengi huchelewesha safari hiyo. Soda huongeza gesi, na maharage huchachushwa na bakteria ndani ya utumbo mpana.

Cha kufanya
Usilale mara baada ya kula; subiri saa 2 hadi 3. Tembea taratibu dakika 10 hadi 15, hata kama ni kandokando ya ziwa pale Capri Point. Kunywa maji kidogo kidogo, acha soda na pombe. Mlo unaofuata uwe mwepesi: samaki wa kuchemsha, mchicha, papai. Usikimbilie dawa za kuharisha.

Muone daktari lini?
Nenda kituo cha afya haraka ukiwa na maumivu makali, unatapika mfululizo, choo ni cheusi au kina damu, au hupati choo wala kutoa hewa.

Kwa wakazi wa mwambao wa ziwa, tumbo linalojaa kwa wiki kadhaa lisisingiziwe pilau. Kichocho cha tumbo kimeenea ukanda wa Ziwa Victoria, hupimwa kwa choo na hutibiwa kwa prazikwanteli. Kapime mapema.