Beseni la Maji Halinyonyi Sumu ya Jiko

Swali limerudi, safari hii kutoka Umoja: mvua ikitukuta nyama haijaiva, tukiingiza jiko la mfuniko sebuleni na kuweka beseni la maji kando yake, si tutakuwa salama? Hapana. Na wewe wa Kayole unayetaka kujua kama karai litafaa zaidi ya beseni, hapana vilevile.

Najua imani hii imesimamia wapi. Asubuhi maji yana utando wa kijivu na yananuka moshi, basi mtu anasema, "Unaona? Yamevuta sumu." Yamevuta majivu na harufu. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na maji hayaipendi. Lita moja ya maji ya kawaida, hata ikizungukwa na gesi hiyo tupu, haiwezi kuyeyusha miligramu 30. Beseni la lita 10 basi halifikishi gramu 0.3. Kilo moja ya makaa hutoa kwa urahisi zaidi ya gramu 100. Piga hesabu mwenyewe, kisha uniambie hizo nyingine zimekwenda wapi kama si kwenye mapafu ya watoto.

Imani ya pili ni pacha wa hiyo: eti makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukikata, hatari imekwisha. Hapo ndipo inapokolea. Hewa inayoingia chini huungua na kuwa kaboni dioksidi. Ikipanda katikati ya makaa yaliyoiva hunyakua kaboni nyingine na kutoka juu ikiwa monoksidi. Ukifunika jiko na kubana matundu, unalinyima hewa na kuzidisha gesi hiyo hadi makaa yafe kabisa. Mfuniko aliobuni George Stephen wa Chicago mwaka 1952, alipokata boya la chuma akapata jiko la duara, ni wa kutawala moto nje ya nyumba. Haukugeuza jiko kuwa hita. Lile la pipa ulilotengenezewa Kamukunji halina tofauti.

Na kunywa maziwa ili kuua sumu hii? Tafadhali. Maziwa huenda tumboni. Sumu hii iko kwenye damu, imeshikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hata kile kifaa cha kubana kidole mlichonunua wakati wa Korona hudanganyika: kinaweza kusoma asilimia 98 kwa mtu aliyekwisha zimia, kwa kuwa hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye monoksidi.

Nikiwabana wanaouliza, mara nyingi naambiwa mvua ni kisingizio. Wanachoogopa ni wezi. Jiko la chuma likilala nyuma ya nyumba Buruburu au Donholm, kufikia asubuhi limeshapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hofu hiyo ni ya haki, ila dawa yake ni mnyororo na kufuli.

Mengine ni mepesi. Mvua ikianza, funika, acha matundu wazi, mbavu za mbuzi ziendelee kuiva. Ikizidi, malizia nyama kwenye sufuria juu ya gesi. Kibanda cha mabati kinafaa kikiwa wazi pande zote. Roshani ya ghorofa haifai, hewa yake inaingia kwako na kwa jirani. Ukimaliza, ziba matundu ya juu na ya chini, funga mnyororo, ukalale. Makaa yaliyobaki utayawasha Jumapili ijayo. Liingize baada ya kugusa majivu na kuyakuta baridi kabisa. Dirisha lililofunguliwa kidogo usilihesabu, maana usiku wa Julai kuna mtu atalifunga.

Na mkiwa ndani na jiko, watu wawili wakaanza kuumwa kichwa au kusikia kichefuchefu kwa pamoja, msijadili chakula kilikuwa na nini. Tokeni nje wote, kisha hospitali, iwe Mama Lucy au iliyo karibu zaidi, na mkifika mlangoni semeni wazi kwamba mlikuwa na jiko la makaa, ili mpewe oksijeni mara moja na damu ipimwe.