Eastlands Mbele ya Kamera

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa barabara ya Jogoo, ofisi na vioo vyake hubaki nyuma, na mbele yako hujipanga mitaa ambayo mtu wa Ilala au Magomeni, Dar es Salaam, angeizoea upesi: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, na mbele zaidi Buruburu na Umoja. Hii ndiyo Eastlands. Serikali ya kikoloni iligawa mji kwa rangi, Waafrika wakawekwa mashariki, karibu na reli. Wengi walipewa chumba kimoja, bomba na choo vya pamoja, kwa kuwa walihesabiwa vibarua wa kupita. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa na nafuu: nyumba za familia, nyasi katikati, na ukumbi uliopokea mikutano mingi ya siasa.

Nairobi imetoa wapiga picha hodari. Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh mwaka 1943, akakulia kwetu Dar es Salaam, na huku ndiko alikoanzishia kampuni yake ya Camerapix. Boniface Mwangi alipiga picha ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kisha akazipeleka kwa wananchi katika maonyesho ya Picha Mtaani. Kazi ile ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, Eastlands haistahili kujulikana kwa moshi wa matairi peke yake.

Kamera inaweza pia kutazama kazi za kawaida. Mwaka 1940 Russell Lee, mpiga picha wa serikali ya Marekani, alifika Chamisal, kijiji cha watu wa asili ya Kihispania huko New Mexico, akawapiga picha wanawake wakikandika upya nyumba kwa udongo, kazi ya kila mwaka. Picha hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington. Eastlands nayo ina mambo yake ya kila siku yanayostahili kupigwa picha: kinamama wa Gikomba wakifungua robota za mitumba, mafundi wa Kamukunji wakigonga mabati yawe masanduku, matatu zikichorwa, turubai la harusi likifunga njia ya mtaa. Na ndani ya nyumba zimo albamu za Krismasi, familia nzima imesimama studio mbele ya pazia lililochorwa.

Huko Pangani ya Nairobi nyumba za kizamani zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa, na mitaa mingine imo katika mpango huo. Kwa hiyo mwenye ndugu Nairobi amwombe asitupe albamu. Nyuma ya kila picha aandike jina, mtaa na mwaka, wakati wazee wanaozitambua sura hizo wangalipo.