Kyubu Ndo Imebeba Chumvi Yako

Wasee wa Butembo na Beni, leo tubonge chumvi. Ukiuliza motari yeyote amepaki kwa rond-point kama anakula chumvi mob, atakuapia hapana, ju kwao mezani hakuna hata kichupa cha kunyunyizia. Na hadanganyi. Yetu haiingii kwa kunyunyiza. Inaingia na kyubu ya kutia ladha kwa sosi, inaingia na samaki wa chumvi, inaingia na pakiti ya krispi imevuka mpaka wa Kasindi juzi.

Cheki vile michopo inauzwa jioni. Mbuzi imechomwa fiti, makemba iko kando ya makaa, hapo hakuna noma. Alafu muuzaji anashika kyubu, anaiponda na vidole ikiwa bado kwa karatasi yake, anachana kona moja, anamwaga ule unga juu ya pilipili kwa sahani yako. Unachovya kila kipande, ukimaliza unalamba vidole. Sasa, kyubu ndogo ya gramu 4, mara nyingi nusu yake ama zaidi ni chumvi. WHO wanasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa jumla: mkate wa mangware, sombe ya mchana, michopo ya jioni. Kyubu mbili pekee zimekaribia kumaliza siku yako.

Na msidhani ni ulafi. Hii kitu tumetoka nayo mbali. Kitambo sana, kabla Wabelgiji hawajafika, wazee wa Kinande walikuwa wanapiga mguu hadi Katwe, lile ziwa la chumvi liko upande wa Uganda, wanarudi na mizigo ya kubadilishana. Chumvi ilikuwa mali. Mpaka leo bado watu wanaivuna Katwe kwa vidimbwi, jua likikausha maji. Na samaki wa Ziwa Edward, yule wa Kyavinyonge na Vitshumbi, angefikaje Butembo bila friji? Anapakwa chumvi ama anakaushwa kwa moshi, anapanda milima akiwa salama. Hiyo ni akili ya watu wetu na naiheshimu sana. Kenye naomba tubadilishe ni vile tunampika.

Samaki wa chumvi alale kwa maji usiku mzima. Mwaga hayo maji, weka mengine, mwaga tena. Mathe wengi wanajua hii stori vizuri. Shida inaanza baadaye, samaki akishaingia kwa sufuria: mtu anaongeza kyubu, anaongeza na chumvi ya kijiko, eti sosi haina ladha. Chumvi yote uliyotoa usiku imerudi. Hapo weka kitunguu mob, nyanya, tangawizi, limao, pilipili yetu ile ndogo inayowasha mpaka masikio. Leeks na seleri zinashuka kutoka Lubero zikiwa freshi, zinabeba sosi bila kyubu kabisa.

Lakini pale vijana tunapigwa zaidi ni kwa dishi ndogo za katikati. Uko chuo, saa sita imefika, mfukoni kuna franga chache, fufu iko mbali. Unachukua biskuti, krispi, ama zile noodles za pakiti na kale kasacheti kake. Kasacheti ndo kamebeba sehemu kubwa ya chumvi, so ukitia nusu tu, ama ukaache kabisa utie yai na nyanya, umeshajisaidia. Kwa pakiti zingine geuza nyuma usome: ikiandika sodium miligramu 120 ama chini kwa kila gramu 100, hiyo iko poa. Ikipita 600, rudisha kwa rafu. Na sodium si chumvi yote, lazima uzidishe mara 2.5 ndo upate chumvi yenyewe. Miligramu 600 ni gramu moja na nusu za chumvi.

Afadhali hata hiyo pakiti uiache. Sisi tumekaa kwa bustani, wasee! Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, inaleta viazi, avoka na marakuja. Beni iko chini kwa joto, inaleta nanasi, makemba na ndizi mbivu. Nusu ya avoka na kiazi kitamu cha kuchemsha inakushikilia mpaka jioni. Karanga za kuchoma bila chumvi na ndizi mbili, hapo motari anaendesha bila njaa. Ndizi, avoka na viazi ziko na potasiamu, na hiyo inasaidia mwili kutoa sodium na kushusha tansio. Mwenye figo mbovu ndo aongee na daktari kwanza, ju kwake potasiamu inaweza kuwa hatari.

Najua si kila mtu ana nafasi ya kuchagua. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza wakulima mashambani kote Beni, na mtu amekimbia na watoto anakula kenye amepewa. Simwambii yeye chochote hapa. Nabonga na wewe uko na franga mkononi na mama wa frites mbele yako. Mwambie mapema, kabla hajanyunyiza: “Mama, yangu bila chumvi, tafadhali.” Ataelewa.

Wiki za kwanza mdomo utalalamika, dishi itakuwa kama haina kitu. Vumilia, ulimi unazoea ndani ya wiki chache. Usikate chumvi yote, na ile ndogo unatia iwe na iyodi, ju goita imesumbua sana Kivu, ulizia watu wa kisiwa cha Idjwi. Na tansio haiumi, ndo maana inachukua hata vijana bila kupiga hodi. Ukipita kituo cha afya omba wakupime. Kama mathe ama buda yako anameza dawa ya tansio, msimpikie sufuria yake pembeni kama mgonjwa. Pikeni moja ya nyumba nzima bila kyubu, pilipili na limao zikae mezani, kila mtu ajiwekee.