Safari Ilifika, Castle Ikakwama Thika

Haya washikaji, leo tuongee biashara. Msikimbie, ni biashara ya kilaji.

Ingia baa yoyote hapa Mwanza, iwe Kirumba au Igoma, uagize Safari. Dada wa kaunta atakuuliza swali moja tu: "Ya moto au ya baridi?" Mwenye kampuni anaishi nchi gani, hakuna anayejali. Mimi nasema siri yenyewe iko hapo hapo.

Mwaka 1993 serikali iliingia ubia na South African Breweries (SAB) ndani ya TBL, nusu kwa nusu. Wasauzi walikuja na Castle yao kwapani. Mgeni mwenye pupa angeifuta Safari, ambayo ilikuwa sokoni tangu 1977, halafu atangaze kwamba kuanzia leo Bongo nzima inakunywa Castle. Hawa hawakufanya hivyo. Walitengeneza mitambo, wakaiacha Safari na jina lake. Mwaka 1996 ikaja Kilimanjaro, jina la mlima wetu wenyewe. Castle ikauzwa pembeni, kama mgeni mstaarabu. Mnywaji akaona bado anakunywa bia yake, basi yakaisha.

Sasa sikia walivyochemsha kwa jirani. Mwaka 1998 SAB hao hao walifungua kiwanda Thika, Kenya, wapambane na Tusker uso kwa uso. Pesa walikuwa nazo, mitambo ilikuwa mipya. Lakini Tusker iko mitaani kwa Wakenya tangu miaka ya 1920! Huwezi kuingia nyumba ya watu bila mwenyeji, halafu ukaanza kuhamisha makochi.

Wakenya nao, East African Breweries (EABL), walikuwa na kiwanda chao cha Kibo pale Moshi. Nacho kilikwama mbele ya TBL. Mwaka 2002 wakubwa wakapeana mikono: Thika kikafungwa, Kibo kikafungwa, wakabadilishana hisa asilimia 20. Wahenga walisema tembo wakipigana nyasi huumia. Mimi naongeza: wakipatana, nyasi ndo zinang'olewa kabisa. Kawaulize waliokuwa na ajira Moshi.

EABL walipata somo. Mwaka 2010 waliporudi kwa nguvu, hawakuanza na kiwanda kipya. Walinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, kampuni ya Wabongo iliyokuwa na bia yake tayari na wanywaji wake tayari. Leo Serengeti ina kiwanda hapa hapa Mwanza, sawa na TBL.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye kigrosari Mabatini, au unayepeleka kreti Ukerewe, usijidharau. Mgeni ana mtaji, ila hajui nani visiwani anakopesheka, msimu gani wavuvi wana hela, na chupa tupu zitarudi na boti gani. Hayo unayajua wewe. Akija kukutafuta, usimpe kwa soda. Mwambie bei.

Na jina likibaki la kwetu, usidhani faida nayo inabaki yote. TBL ipo kwenye soko la hisa la Dar es Salaam tangu 1998. Wengi wetu tumeishia kuwa wanywaji tu, wakati mlango wa kuwa wenye mali, japo kidogo, uko wazi miaka yote hiyo.