Saa Moja Baada ya Hofu

Ukiuliza ni nani aliye hatarini kuugua akili kwa sababu ya misukosuko, wengi watamtaja yule anayeshtuka upesi, ambaye jambo dogo tu humtoa jasho na kumfanya moyo uende mbio. Dhana hiyo inaeleweka, maana mshtuko huonekana kwa macho. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa maabara na kwenye kambi za wakimbizi unatuelekeza kwingine. Ukubwa wa mshtuko hautuambii mengi kama namna ubongo unavyoutuliza, kazi inayoendelea hatari ikiwa imekwisha na watazamaji wameshaondoka.

Mwaka 1993 watafiti wa Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio linalozua hofu bila kumdhuru mtu. Mshiriki husimama mbele ya jopo lisilotabasamu, akajinadi kwa dakika 5 kama mwomba kazi, kisha akahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 1022, akitoa 13 kila mara. Akikosea, huanza upya. (Yapo mateso makubwa zaidi, lakini si mengi yanayofaa maabara.) Adrenalini hupanda papo hapo. Kortisoli, inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, huchelewa, na kilele chake hupimwa kwenye mate jaribio likiwa limeshamalizika. Ingekuwa homoni ya kupigana au kukimbia peke yake, ucheleweshaji huo ungekuwa kasoro ya ajabu. Ukweli ni kwamba sehemu ya kazi yake ni kuzima. Damu huipeleka ubongoni, ambako hushika vipokezi vya haipothalamasi, hipokampasi na gamba la mbele, na mlolongo wa amri ulioizalisha ukaanza kukoma. Kwamba hipokampasi, kitovu cha kumbukumbu, hunasa homoni za aina hii kwa wingi, mtafiti Bruce McEwen alikwisha kulionyesha kwa panya mwaka 1968. Picha za ubongo zimeongeza jambo la pili, yaani mpangilio wa wakati. Katika dakika za hofu, mtandao wa tahadhari unaohusisha amigdala hutawala, na sehemu za kupanga na kupima mambo hupungukiwa nguvu. Baada ya saa moja hivi uwiano hugeuka. Tahadhari hushuka, fikra hurejea, na tukio huanza kuwekwa mahali pake katika kumbukumbu.

Msomaji makini atapinga: je, hatuambiwi kila siku kwamba kortisoli ni sumu ya ubongo? Ikikaa juu kwa miezi, kweli hudhuru. Lakini Rachel Yehuda, aliyewachunguza maveterani wa vita vya Vietnam na manusura wa mauaji ya Wayahudi, alikuta kwa wengi wenye kiwewe cha kudumu kortisoli iko chini, na vipokezi vyake vinaitikia kupita kiasi. Kwa wagonjwa wengi wa sonona kali hali ni kinyume: homoni iko juu na amri ya kuizima haisikiki. Kwa hiyo si sahihi kusema tu kwamba breki hii ya kuzima mshtuko ni dhaifu. Inaweza kuharibika kwa kulegea, na inaweza kuharibika kwa kukaza mno mapema. Kwa pande zote mbili, kurejea katika utulivu ndiko kulikovurugika.

Pingamizi zito zaidi linahusu chanzo. Huenda ugonjwa ndio unaoharibu mfumo wa kutulia. Mark Gilbertson na wenzake walilijaribu hilo mwaka 2002 kwa mapacha wanaofanana, mmoja akiwa amepigana Vietnam na mwenzake akabaki nyumbani. Waliougua kiwewe kikali walikuwa na hipokampasi ndogo, lakini ndivyo walivyokuwa pia ndugu zao ambao hawakuona vita. Basi sehemu ya udhaifu ilitangulia risasi ya kwanza. Umri nao una neno: panya ambao hawajabalehe, wakibanwa kwa nusu saa, huchukua muda mrefu zaidi kuliko wakubwa kurudisha homoni chini, na kwa binadamu magonjwa mengi ya akili huanza kujitokeza utotoni na ujanani.

Hapo ndipo hatari ya kumlaumu mgonjwa inapoingia, kana kwamba alizaliwa dhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda waliokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, unaijibu lawama hiyo vizuri. Wenye aina fulani ya jeni walikuwa hatarini hata kwa matukio machache. Kwa wengine hatari ilipanda kadiri aina za maovu waliyopitia zilivyoongezeka, na kwa walioona mengi mno, karibu kila mtu aliugua. Kila ubongo una kikomo chake.

Kama hoja hii ni sahihi, saa za mwanzo zinadai uangalifu kuliko maneno mengi. Zamani manusura wa ajali na majanga waliketishwa upesi kusimulia yote kwa kina mara moja tu. Majaribio yalipopitiwa, utaratibu huo haukuzuia kiwewe, na kwa baadhi huenda uliongeza madhara. Shirika la Afya Duniani sasa hupendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia: usalama, maji, chakula, taarifa za kuaminika, kuunganishwa na ndugu, na kumsikiliza anayetaka kusema bila kumlazimisha. Tiba ya masimulizi ipo, na huko huko Nakivale imewasaidia wakimbizi, lakini hutolewa kwa vikao kadhaa, kwa walioonekana kuugua, muda mrefu baada ya hatari kupita.