Askari Weusi na Vita Viwili katika Diwani ya Komunyakaa

Mwanafunzi akipewa diwani ya mashairi ya vita, mara nyingi huandika "dhamira: ubaya wa vita", akapiga mstari, basi. Kwa diwani ya Yusef Komunyakaa, Dien Cai Dau (1988), jibu hilo halitoshi. Humu mna vita viwili, na mshairi hakubali vitenganishwe.

Tuanze na historia. Januari 3, 1966, Sammy Younge, kijana Mweusi aliyewahi kutumikia jeshi la wanamaji la Marekani, alipigwa risasi na kufa huko Tuskegee, Alabama, baada ya kutaka kutumia choo cha Wazungu kwenye kituo cha petroli. Siku tatu baadaye, vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi cha kupigania haki za Weusi, walitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Kwao, mauaji ya Younge na ya wakulima wa Vietnam yalikuwa mamoja. Martin Luther King naye alivipinga hadharani New York, Aprili 4, 1967. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, aliuawa Memphis.

Komunyakaa, mzaliwa wa Louisiana, alikuwa Vietnam 1969 hadi 1970 akiandikia gazeti la jeshi. Jina la diwani ni la Kivietnam, maana yake kichaa. Ndivyo wenyeji walivyowaita askari wa Marekani!

Hebu tutazame shairi la "Hanoi Hannah". Mtangazaji wa upande wa adui anawapigia askari muziki wa Ray Charles, kisha anawasuta Weusi kwa kifo cha King. Je, hii si propaganda tu? Ni propaganda, sawa, lakini mbona inawachoma? Kwa sababu ni swali ambalo wengi wao walishajiuliza. Wanaimiminia risasi sauti ile, kumbe inaibukia upande mwingine, nzima kabisa. Hapo fani inafanya kazi ambayo hotuba isingeweza: bunduki haijibu swali.

Shairi la mwisho, "Facing It", liko mbele ya mnara wa mawe meusi uliozinduliwa Washington mwaka 1982. Uso wa mkongwe Mweusi unapotelea ndani ya jiwe, naye anapitia majina ya waliokufa kana kwamba atakuta na lake. Wapo wanaolisoma kama shairi la maridhiano. Mimi siyaoni humo. Mkongwe Mzungu anayetokea hapo anamtazama mwenzake Mweusi, ila macho yanapita kama kwenye dirisha.