Mizani Tatu za Tukuyu

Daftari lenyewe ni la kawaida, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Binti wa darasa la sita amelipiga mistari kwa rula na kuandika juu vichwa vinne: tarehe, mizani, kilo, maoni. Nililikuta mezani kwa muuguzi mmoja mstaafu, jirani na hospitali ya Makandana hapa Tukuyu, nilipokwenda kumuuliza habari za chanjo. Ya chanjo yaliisha upesi. Daftari likanishinda kuliacha.

Mwenye daftari aliniruhusu nilisome, mradi nisimtaje. Ni mama wa makamo, mkulima wa chai, ambaye mdogo wake wa Dar es Salaam alimlipia safari ya India akafanyiwa baipasi ya tumbo. Kijijini kwake wanajua alikwenda kutolewa uvimbe.

Ukurasa wa kwanza unaanza siku ya upasuaji: kilo 126. Siku ya sita, kabla ya kupanda ndege: 127. Hapo kwenye maoni binti ameandika, bila shaka kwa kuamriwa, "imeongezeka!" na kuipigia mstari mara mbili. Siku ya 13, zahanati: 121. Siku ya 15, zahanati: 120. Kisha 120 inaota mizizi. Siku ya 17, 120. Siku ya 18, 120, "bila viatu". Siku ya 19, stendi, 121 na nusu, "nimevaa kitenge kimoja tu". Siku ya 20, mizani ya magunia, 119. Siku ya 21 amepima mara tatu: asubuhi, mchana, na jioni baada ya kwenda choo. Siku ya 24 hakuna kilo, kuna maoni tu: "mvua, sikutoka". Siku ya 26 kuna neno moja, "nimelia", na namba ni ileile.

Mizani zilikuwa tatu, na kila moja ina tabia yake. Ya zahanati imewekwa juu ya sakafu ya saruji iliyobonyea kidogo upande wa mlango, kwa hiyo uzito wako unategemea umesimamia wapi. Ya stendi ni ya kijana anayetembea nayo kwapani, anayekupima uzito na urefu kwa shilingi mia mbili na kukwambia, bila kuulizwa, kwamba umezidi. Ya tatu ni ya mfanyabiashara wa mahindi. Ina stika ya Wakala wa Vipimo na haina ubaya wowote, ila imetengenezwa kupima gunia. Sindano ikiyumba, nusu kilo unaikisia kwa jicho. Muuguzi alipoelezwa hayo alimwagiza binti aende na kiroba cha sembe cha kilo 25 ambacho hakijafunguliwa, akipime kwenye mizani ya stendi. Kikatoka na kilo 26 na nusu.

"Sasa mwanangu," alimwambia mama yule, "unga haujala kitu. Nao umenenepa?"

Muuguzi huyu hapa mtaani wote wanamwita Sista, na miaka yake mingi aliimaliza katika vyumba vya upasuaji vya Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani kulima parachichi. Upasuaji wa kupunguza uzito alianza kuusikia wagonjwa walipokuwa bado wanaufuata nje ya nchi. Siku hizi upo hata hapa nchini. Mwaka 2022 hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, walianza kuwawekea watu puto tumboni, na baadaye wakaingia kwenye upasuaji wenyewe. Baipasi ni kitu kingine, tofauti na puto. Puto huja kutolewa baada ya miezi kadhaa. Baipasi mtu anaishi nayo. Daktari anatenga juu ya tumbo kifuko kidogo kinachoingia kama mililita 30, kisha anakiunganisha na utumbo mwembamba ili chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, ndiye aliyeianzisha katika miaka ya 1960. Ikienda vizuri, mtu hupoteza kama robo hadi theluthi ya uzito wake wote, kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Wagonjwa huisahau sehemu hiyo ya mwisho, anasema Sista. Wanasikia "theluthi" na hawasikii "mwaka na nusu".

Alilisoma daftari kwa kidole, mstari kwa mstari. Ile 127 ya siku ya sita haikumshangaza hata kidogo. Mgonjwa aliyepasuliwa ametundikiwa dripu, na jeraha nalo linavuta maji. Kushuka hadi 120 kwa haraka pia hakukumfurahisha kama kulivyomfurahisha mwenye daftari, kwa kuwa nusu yake haikuwa mafuta. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli, iitwayo glaikojeni, gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu inakaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha kula, akiba hiyo ndiyo inayotumika kwanza na maji yake yanatoka nayo. Hizo tayari ni karibu kilo mbili za mizani. Wiki ya pili au ya tatu, mgonjwa anapoanza uji na supu nzito, akiba inarudi kidogo na maji yanarudi nayo. Mafuta yanaendelea kuungua, lakini maji yanaingia kwa kasi ileile. Mizani inasimama. Ongeza siku za hedhi zinazokaribia na choo kilichogoma kwa siku nne, nayo inaweza kupanda.

"Godoro likinyeshewa na mvua ya huku kwetu, ukilibeba ni zito," alisema. "Pamba imeongezeka?"

Kisha akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria. Kabla ya kulazwa, walikulisha nini? Mama akajibu kwamba walimpa vinywaji tu, kwa wiki mbili. Ni kawaida, madaktari hufanya hivyo ili ini lisinyae na wapate nafasi ya kufanya kazi. Na siku ya kwanza kufika kule ulikuwa na kilo ngapi? Akafungua mkoba, akatoa karatasi za hospitali zilizokunjwa mara nne. 132.

Kilo sita hazikuwamo kwenye daftari. Mengi ya maji yale ya haraka, ambayo wengine huyapoteza wiki ya kwanza baada ya kupasuliwa na kutamba nayo, yeye alikuwa ameyaacha India kabla ya kisu. Shoga yake wa kwenye simu, aliyepasuliwa wakati mmoja naye na kupoteza kilo 14 mwezi wa kwanza, alianza na kilo 170 na hakupitia wiki mbili za vinywaji. Mwenye mwili mkubwa zaidi hupoteza kilo nyingi zaidi mwanzoni. Wanaume pia, kwa kawaida. Kulinganisha wawili hawa kwa kilo hakuna maana, na bado kwa wiki tatu ulinganisho huo ndio uliomliza mama wa watu.

Kuna safu nyingine ambayo haikupigwa mistari: sukari. Mama alikuwa anatumia metformini kwa miaka kadhaa. Sukari mara nyingi hushuka siku chache tu baada ya baipasi, hata kabla uzito haujapungua sana, kwa sababu homoni za utumbo hubadilika chakula kinapopitishwa njia nyingine. Sista alimpima papo hapo kwa kidole, kabla hajanywa chai: 5.4. Mama aliitazama namba ile bila hamu. Hakuwa amekwenda India kwa ajili ya sukari.

Si kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Alipoulizwa anakula nini, ilibainika kwamba mama mkwe alimpokea kama mzazi wa siku saba. Mtori wa ndizi, uji wa karanga wenye sukari na maziwa ya Rungwe yasiyopunguzwa chochote, kikombe kila saa. Uji haukatai kupita kwenye kifuko kidogo, ndiyo shida yake. Mara mbili aliunywa mtamu mno, moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, akakimbilia choo, na nyumba nzima ikaamini amerogwa. Sista alimpangia upya: protini kwanza, gramu 60 au zaidi kwa siku, mayai, maziwa mgando bila sukari, usipa wa ziwani waliosagwa, maharage yaliyopondwa. Maji yanywewe kidogo kidogo kutwa nzima, lakini yasishushie chakula. Diklofenaki, ambayo huku inanunuliwa kama pipi kwa kila mgongo unaouma, marufuku, maana inachimba vidonda pale kifuko kilipounganishwa.

Mizani, mara moja kwa wiki. Ileile, asubuhi ileile, kabla ya chai.

Siku ya 33 daftari linasema 118. Wiki ya nane, 114. Ukihesabu kutoka 132 hizo ni kilo 18, mwendo ambao Sista anauita wa kawaida kabisa, hata mzuri.

Nilimuuliza, je, wapo ambao kweli uzito hausogei? Wapo, alisema, na hilo huwezi kulijua wiki ya tatu. Hulijui hata mwezi wa pili. Nikamuuliza nani atakayelijua kwa mama huyu mwezi wa kumi na mbili, akanyamaza. Karatasi za India zinasema arudi kuonwa baada ya mwezi mmoja, kana kwamba Tukuyu ni mtaa wa pili. Dar es Salaam yenyewe ni karibu kilomita 900. Vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha yote. Atavinunua kwa chai ya msimu gani? Kipimo cha damu cha kuangalia B12 atakifuata wapi, na nani atakisoma?

Na kuna ile siri. Wenye umri wetu tunakumbuka kukonda kulimaanisha nini katika barabara hii ya kwenda Malawi miaka ya 1990. Asipokonda watasema hela za ndugu zimetupwa. Akikonda, watasema lile jingine. Simlaumu kwa kuwaambia majirani ni uvimbe. Ila alipokwenda zahanati kupima uzito, huko pia alisema uvimbe, na hapo ndipo Sista alipopandisha sauti.

Aliyefanyiwa baipasi akianza kutapika kila anapokula, akapata homa, mapigo ya moyo yakavuka 120 kwa dakika, akaumwa tumbo lisilotulia, akapata choo cheusi au miguu ikaanza kufa ganzi, ni dharura, na daktari wa zamu hawezi kuitambua dharura hiyo kama anaamini anatazama mtu aliyetolewa uvimbe. Jirani mfiche. Daktari wa Makandana, wa Igogwe au wa Rufaa ya Kanda Mbeya mpe karatasi zako zote, na nakala moja iachwe kwa mtu wa nyumbani anayejua zilipo.